Mtu wa Pointi wa Okidoi

Kwa miaka ishirini Methuselah Imai hakukanyaga upande wa samaki wa soko la Busia. Akiwa na haja ya chumvi, jembe au dawa ya ng'ombe, aliingia kwa upande wa nguo, akanunua, akatoka kwa njia ile ile aliyoingilia. Upande wa samaki kulikuwa na meza ya Gaudencia, mjane wa Ogendo, na Gaudencia alikuwa ameapa mbele ya watu kwamba siku Imai atakapopita mbele yake atamwagia maji ya samaki usoni. Aliapa hivyo mwaka wa sabini na sita, siku ya maziko ya mumewe. Imai hakumlaumu. Aliyemlaumu ni mtu mwingine, na huyo hakuwahi kumpata mahali pa kumshika.

Imai alikuwa mtu wa reli. Alianza akiwa na miaka ishirini na miwili, akifyeka majani kando ya njia, na baada ya miaka sita wakamfanya mtu wa pointi katika stesheni ndogo ya Okidoi, ile iliyokuwa ya mwisho kabla ya kufika Malaba na ambayo siku hizi imebaki kuta tu. Pointi ni zile ndimi za chuma zinazoipeleka treni njia hii au ile. Ukizilaza huku, treni inapita moja kwa moja. Ukizilaza kule, inaingia njia ya pembeni. Zina kufuli, na ufunguo wa kufuli ile Imai aliuvaa kiunoni kwa ukanda wa ngozi alioukata mwenyewe. Alikula nao, akaenda nao kanisani. Kwa miaka kumi na miwili hakuna treni iliyoingia mahali isipotakiwa kwa sababu yake. Hilo ndilo lililokuwa fahari yake, na hakuwa na fahari nyingine nyingi.

Kisha ukaja mwaka wa kahawa. Wakubwa kwa wadogo wanaukumbuka. Kahawa ilipanda bei mpaka watu wakapagawa, na magunia yakawa yanavuka kutoka Uganda kwa vichwa, kwa baiskeli, kwa punda. Kila nyumba iliyo karibu na mpaka ilikuwa na gunia chini ya kitanda. Nyumba ya Imai haikuwa na gunia. Walimfuata mara mbili, akawafukuza mara mbili.

Stesheni masta wa Okidoi alikuwa Erastus Otiende, mtu wa mwili mnene na sauti tamu, anayejua kuongea na kila mtu kwa lugha yake. Alhamisi moja asubuhi alimwita Imai ofisini akampa bahasha iliyobandikwa gundi.

"Peleka hii Malaba. Mpe karani wa mizigo mkononi mwake, na usubiri jibu."

"Na ufunguo, masta?"

"Niachie. Leo hakuna gari kabla ya saa tisa."

Imai alifungua ukanda akauweka mezani pamoja na ufunguo wake. Mkubwa wake ndiye aliyemwagiza. Angefanya nini kingine? Akapanda baiskeli. Kule Malaba karani aliipokea bahasha, akaitumbukiza kwenye droo bila kuifungua, akamwonyesha benchi. Imai akakaa. Saa tano ikapita, saa sita, saa saba. Saa nane karani akamwambia hakuna jibu, arudi zake.

Alipofika Okidoi alikuta injini imelala ubavu na mabehewa mawili yamepanda juu ya jingine. Treni ya mizigo iliyotakiwa kupita moja kwa moja ilikuwa imeingia njia ya pembeni, ikagonga behewa lililosimama pale likipakiwa kahawa ya magendo. Ogendo, msaidizi wa dereva, alikuwa amesimama kwenye ngazi ya injini, mkono nje, tayari kupokea pete ya chuma yenye kibali cha kuendelea na safari kutoka kwa stesheni masta, kama ilivyokuwa desturi kwa treni isiyosimama. Alirushwa chini, na chuma kikamwangukia. Alikuwa na miaka ishirini na tisa.

Wakubwa walikuja wakaketi siku mbili. Otiende alisimama mbele yao na tai yake, akasema kwa masikitiko kwamba mtu wa pointi alikuwa ameacha kazi bila ruhusa, na kwamba bila shaka ndiye aliyewafungulia njia wafanya magendo, kwa sababu ufunguo ulikutwa umeachwa ndani ya kufuli, na ukanda wa ngozi unaning'inia. Ukanda wa nani? Wa Imai. Karani wa mizigo akaulizwa juu ya bahasha. Akasema hajaona bahasha yoyote. Alimwona Imai ameketi kwenye benchi akipunga upepo. Imai alisema yake, kutoka mwanzo hadi mwisho, na hakuna aliyeandika hata mstari mmoja. Wakamwambia ashukuru Mungu kwamba hafungwi. Wakampa siku mbili kuhama landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli.

Mkewe, Atyang, alimwuliza mara moja tu, wakiwa wanafunga vyombo.

"Methuselah, ufunguo ulimpa?"

"Nilimpa."

Atyang akaendelea kufunga sufuria, na tangu siku hiyo hakuuliza tena.

Walirudi Angurai. Imai akalima, akachoma matofali, akasomesha watoto alivyoweza. Shuleni watoto wake waliitwa watoto wa muuaji, na sokoni watu walinyamaza alipokaribia, kisha wakaanza tena akishapita. Otiende naye alipandishwa cheo, akapelekwa stesheni kubwa, akastaafu kwa sherehe, akajenga Busia. Akawa mzee wa kanisa. Palipokuwa na msiba wa mtu wa reli, yeye ndiye aliyeitwa kusoma wasifu wa marehemu, kwa ile sauti yake.

Mwaka wa tisini na sita, mchana mmoja wa Agosti, Imai alikuwa akipanga matofali kwenye tanuru alipoona mwanamke akishuka kwenye boda boda ya baiskeli, mkoba begani, viatu mkononi kwa sababu ya matope.

"Mzee, shikamoo. Ni wewe Methuselah Imai wa Okidoi?"

Imai alinyooka. Kwa miaka mingi hakuna aliyesema "wa Okidoi" bila kutaka kumchoma.

"Ni mimi. Na wewe nani?"

Aliitwa Roselyn, mwalimu wa Sigalame. Baba yake marehemu alikuwa gadi wa treni. Yeye mwenyewe alizaliwa landhi na mapenzi ya reli hayakumtoka. "Mimi nikisikia honi hata katikati ya hesabu nanyamaza mpaka ipite," alisema akicheka. "Watoto wa darasa langu wananijua." Alikuwa amewakusanya wazee waliostaafu. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi walikutana katika ukumbi wa kanisa Malaba, wakasimuliana habari za kazi, na yeye akizitia kwenye kanda kabla hazijazikwa na wenyewe. Nyuma ya picha moja ya zamani alikuwa ameona majina ya wafanyakazi wa Okidoi. La Imai lilikuwa la tatu.

"Niliwauliza wazee juu yako," Roselyn alisema. "Wakasema hutakuja."

"Walikuambia kwa nini?"

"Walibadilisha maneno. Ndio nikaja mwenyewe."

"Mwenyekiti ni nani?"

"Mzee Otiende."

Imai aliweka chini tofali aliloshika. Alitaka kumwambia mwalimu arudi alikotoka, tena kwa maneno makali. Lakini Atyang alikuwa amesimama nyuma yao na kikombe cha maji ya mgeni, na yeye ndiye aliyejibu.

"Atakuja," alisema. Kisha akamgeukia mumewe. "Wewe umejificha nyumbani miaka ishirini. Aliyepaswa kujificha hakuwa wewe."

Jumamosi ilipofika Imai alivaa shati jeupe, akapanda baiskeli. Mnyororo ulikatika njiani, akachelewa. Alipoingia ukumbini hakuna aliyegeuka. Wazee kama ishirini walikuwa wameketi kwa duara na chai na mandazi, wamechangamka. Akakaa kwenye kiti cha nyuma, karibu na mlango. Mmoja alikuja na bendera ya kijani iliyopauka. Mwingine alikuja na filimbi ya gadi, akaipuliza mpaka wenzake wakaziba masikio. Mzee Nathaniel, aliyekuwa gadi, alisimulia jinsi ng'ombe dume alivyoisimamisha treni ya abiria karibu na Adungosi, na mwenye ng'ombe akaja kumdai dereva aombe radhi. Imai alijikuta anacheka. Alikuwa amesahau kwamba alikuwa na watu wa kucheka nao. Mwalimu Roselyn aliketi katikati na redio-kaseti yake juu ya kigoda, kitaa chekundu kinawaka.

Halafu Otiende akasimama. Alikuwa amenenepa zaidi, na kofia ya reli ameivaa upande.

"Wacha niwape ile ya kahawa," alisema, na wazee wakasogeza viti. "Mnakumbuka ule mwaka? Mimi nilikuwa Okidoi. Jamaa wa magendo wakaja, wakaniambia, boss, sisi tunataka behewa moja tu. Behewa moja! Sasa shida yangu ilikuwa mtu wa pointi. Mtu mgumu huyo! Halali, hanywi, hali kitu cha mtu, anatembea na ufunguo kiunoni kama mama na mtoto. Nikafanya nini? Nikachukua gazeti la jana yake, nikalikunja, nikatia kwa bahasha, nikabandika gundi. Nikamwambia, peleka Malaba, na usubiri jibu!"

Kicheko kikapasuka.

"Akasubiri!" Otiende alipiga paja. "Jibu la gazeti! Karani alikuwa mtu wetu, akamkalisha hapo kama mzigo. Mimi huku nikashika pointi kwa mkono wangu, stesheni masta mzima na tai, grisi mpaka hapa. Tukasukuma behewa likaingia pembeni, tukaanza kupakia. Sasa kwa ile haraka nikasahau kurudisha pointi. Wee! Gari likaja." Akapiga makofi mara moja, kwa nguvu. "Kahawa ilimwagika, wazee, mpaka akina mama wakatoka mashambani na karai, na masufuria. Mmoja alivua gomesi akafungia kahawa, akakimbia na shimizi!"

Walicheka mpaka wengine wakafuta machozi. Otiende akashusha sauti kidogo. "Ni vile tu tulipoteza yule kijana Ogendo, Mungu amrehemu." Halafu akaipandisha tena. "Lakini kahawa kama ile sijaona tena mpaka leo."

Kwa miaka ishirini Imai alikuwa amejiuliza ndani ya bahasha ile mlikuwa na nini. Alidhani labda kulikuwa na barua ya kweli iliyopotea, labda karani aliogopa, labda Otiende mwenyewe alichanganyikiwa siku ile na baadaye akaona haya kusema. Kuna mwaka ambao alikaribia hata kumsamehe kwa kumdhania hivyo. Sasa alijua. Alisimama, na kiti kikaanguka nyuma yake.

"Lilikuwa gazeti gani?"

Wote wakageuka.

"Unasema nini, mzee?" Otiende aliuliza, bado anatabasamu.

"Nauliza lilikuwa gazeti gani. Nilibeba mimi. Nilingoja jibu lake siku nzima kwa benchi. Nataka kujua lilikuwa linasema nini."

Tabasamu la Otiende halikuondoka mara moja. Lilibaki mdomoni kama limesahauliwa pale. Mtu aliyekuwa akitafuna mandazi akaacha kutafuna.

"Imai," Otiende alisema. "Ndugu yangu. Sikukutambua, umezeeka."

"Nimezeeka. Nilifukuzwa nikiwa na miaka arobaini. Uliwaambia wakubwa nimeacha kazi. Ulichukua ukanda wangu, ule niliokata na kisu changu, ukauning'iniza kwa kufuli ili waone. Watoto wangu wameitwa watoto wa muuaji. Na leo unasimama hapa unasema nilikuwa mtu mgumu, sili cha mtu, na watu wanacheka. Kumbe ulijua! Ulijua mimi ni mtu wa namna gani, ndiyo maana ukanichagua."

"Hii ilikuwa stori tu, Imai. Ya kuchangamsha wazee. Kuna mahali nimeongeza chumvi."

"Ongeza basi chumvi kwa ile ya Ogendo. Hiyo uliipitia haraka."

Mzee Nathaniel aliinuka na mikono ameinyoosha mbele, kama mtu anayesimamisha treni. "Wazee, wazee. Hayo ni ya zamani. Sisi sote tuko karibu na kaburi. Tusimame tuombe, tusameheane, tunywe chai."

"Tusameheane nani na nani?" Imai alimgeukia. "Umesikia mtu ameomba msamaha hapa? Mimi nimesikia mtu anachekesha. Na wewe ulicheka, Nathaniel. Nilikuona."

Nathaniel akakaa. Otiende alikuwa amekwisha kuangalia kwingine, kwenye kigoda, kwenye kile kitaa chekundu.

"Mwalimu," alisema kwa upole, "zima hiyo kitu. Na hiyo kanda ya leo niachie, ni mali ya kikundi."

Roselyn alizima. Akatoa kanda, akaitia mkobani, akafunga zipu. "Kanda nilinunua mimi, mzee," alisema.

Nje, Imai alisimama ameshika baiskeli bila kuipanda. Malori ya mpakani yalikuwa yamepanga foleni mpaka kwenye lango la kanisa, na taniboi mmoja alimwuliza kama ni mgonjwa. Roselyn akamfuata.

"Mzee, mimi sikujua. Naapa. Ningejua nisingekuleta hivi."

"Afadhali ulivyonileta," Imai alisema. "Nipeleke na hiyo kitu Busia. Kwa Gaudencia."

Jumatatu waliingia sokoni kwa upande wa samaki. Gaudencia alikuwa anapanga ngege kwenye meza, mwanamke mrefu aliyefunga kanga kifuani, mvi zimeanza. Hakuhitaji kuambiwa ni nani. Aliinama, akashika beseni la maji aliyooshea samaki, akaliinua hadi kiunoni. Wachuuzi wa meza za jirani wakarudi nyuma. Imai hakurudi nyuma.

"Mama," Roselyn alisema, "sikiliza hii kwanza. Ukishasikiliza, umwage."

Aliweka redio-kaseti kati ya samaki. Sauti ya Otiende ikatoka, na vicheko, na makofi yale mara moja. Gaudencia aliinamisha sikio, beseni bado mkononi. Ilipofika mwisho akasema, "Rudisha." Wakarudisha. Mara ya pili aliliweka beseni chini. Hakulia. Alitazama kile chombo kana kwamba Otiende mwenyewe yumo ndani.

"Huyu ndiye alisoma wasifu wa mume wangu," alisema. "Alilia. Nilimpa leso yangu. Kila Krismasi ananiletea sukari. Anakuja na mke wake, wanakaa, tunaomba pamoja. Miaka ishirini nakunywa chai ya sukari yake, na mimi nawaambia watoto, huyu ndiye mtu alimpenda baba yenu."

Kisha akamgeukia Imai, na macho yake yalikuwa yamewaka.

"Na wewe! Kwa nini hukuja?"

"Nilisema yote mbele ya wakubwa. Hawakuandika."

"Ulisema kwa wakubwa. Kwangu ulisema lini?"

"Ungeniamini?"

"Nisingekuamini. Ningekumwagia maji, ungeenda kujifuta, ungerudi kesho. Mimi ndiye nilifiwa! Mimi ndiye ulitakiwa kuniambia!"

Katika hasira yake yote ya miaka ile, hilo Imai hakuwahi kulifikiria hata siku moja: kwamba kulikuwa na mtu ambaye ukweli ule ulikuwa wake zaidi ya ulivyokuwa wa Imai. Alisimama pale ameshika kofia yake. Gaudencia alimwaga maji yale mferejini, akafunika samaki kwa gunia, akauliza mkutano wa wazee ni lini.

Mwezi uliofuata ukumbi ulijaa. Habari ilikuwa imetembea. Otiende alikuwa amejiandaa: alivaa suti, Biblia mkononi, na alianza kwa kusema kwamba shetani ameingia kati ya ndugu, kwamba wanaostahili kushindana ni vijana. Gaudencia akasimama kabla hajamaliza.

"Mzee Otiende, mimi sikuja kwa maombi. Nimekuja kucheka. Nimeambiwa una stori nzuri."

"Mama Winny, tafadhali..." Otiende alimwomba.

"Sema vile ulisema siku ile. Anzia kwa gazeti. Ukifika kwa yule mama wa gomesi, piga makofi, mimi nitacheka. Ukifika kwa Ogendo usipite haraka. Mimi sina haraka."

Otiende alifungua mdomo. Mtu yule ambaye hajawahi kukosa neno katika msiba wa mtu alitafuta neno na hakulipata. Aliwatazama wazee mmoja mmoja, na wazee wakatazama viatu vyao.

Imai naye akasema analotaka. Hakutaka mkono wa Otiende, hakutaka wakutane kando wakanywe soda. "Ulinitaja kwa jina siku ya maziko kule Sigalame, umesimama kwa madhabahu. Nataka uende kanisa lile lile, usimame pale pale, useme ulivyosema hapa."

"Nina pressure, Imai," Otiende alisema kwa sauti ndogo. "Nina heshima yangu. Wajukuu wangu wanaimba kwaya kanisa hilo."

"Watoto wangu pia walikuwa wanataka kuimba."

Otiende alichukua Biblia yake akatoka kwa mlango wa upande. Wazee saba walimfuata, wengine kwa sababu alikuwa rafiki yao, wengine kwa sababu walikuwa wamekuja kwa gari lake. Miongoni mwa waliobaki, Nathaniel akapendekeza kwamba kwa vile kiti cha mwenyekiti kimebaki wazi, na kwa vile mzee Imai ameteseka, ingefaa wampe yeye. Wengine wakaanza kupiga makofi.

"Acheni!" Imai alisema. Makofi yakafa. "Hamnipi kiti mimi. Nyinyi mlijua Okidoi alikufa mtu. Kila mmoja hapa alikuwa kwenye maziko. Na bado mlicheka, kwa sababu anayesimulia ni mwenyekiti na chai ni yake. Ningekuwa mimi ndiye nimesimulia, mngenitoa nje." Alivaa kofia. "Mwalimu, wewe endelea na kazi yako. Hawa wana habari nyingi, zitie zote. Ila uwe unawauliza zimetoka wapi."

Otiende hakwenda kanisani Sigalame. Mpaka leo hajaenda. Busia bado wanamsalimu, bado ana kiti cha mbele, na mazishi mawili ya mwaka ule yeye ndiye aliyesoma wasifu. Jambo hilo lilimkera Imai kuliko yote: kwamba mtu anaweza kusema kosa lake kwa mdomo wake mwenyewe, likaingia kwenye kanda, na dunia ikamkaribisha kiti.

Lakini Gaudencia hakungoja Otiende. Jumapili moja baada ya ibada aliwaita jamaa wa Ogendo nyumbani Sigalame, ndugu, mashemeji na watoto wake watatu, akamkalisha Imai katikati yao. Hawakuweka kanda. "Huyu atasema mwenyewe," Gaudencia alisema. "Anza na asubuhi ile."

Imai alianza na asubuhi ile. Alisema juu ya bahasha, juu ya benchi, juu ya karani. Hakuna aliyemkatiza. Alipofika saa nane na kurudi kwake Okidoi, Winny, mtoto wa mwisho aliyezaliwa miezi minne baada ya maziko, akainua mkono kama yuko darasani.

"Mzee, huyo siku hiyo ulimwona? Baba yangu. Akiwa mzima?"

Wakubwa wa reli hawakuwa wamemwuliza hilo.

"Nilimwona," Imai alisema. "Njia ya baiskeli inapita kando ya reli. Treni ilinipita karibu na daraja dogo. Alikuwa kwa dirisha la injini, anatafuna muwa. Alinirushia kipande akaniita kwa jina, akasema kitu. Injini ilikuwa na kelele, sikusikia alisema nini. Nilimpungia."

"Muwa?" Winny aliuliza.

"Aliondoka nao nyumbani," Gaudencia alisema. "Nilimkatia mimi." Akainuka akaingia ndani, na wakamsikia akipanga vikombe ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

Imai aliendelea mpaka mwisho. Waliuliza mengi: kama Ogendo alikufa papo hapo, nani alimfunika, kofia yake ilikwenda wapi. Alijibu alichojua, na asichojua alisema hakijui. Kaka mkubwa wa Ogendo, mzee wa fimbo, alimwambia, "Tulikuchukia vibaya sana." Imai akasema, "Nilijua." Wakala.

Alifika Angurai jua likiwa bado juu ya vilima. Atyang alikuwa zizini akihangaika na ndama aliyekataa kufungwa.

"Umewaambia?"

"Nimewaambia."

"Wakasikia?"

"Walisikia."

"Sasa moyo umetulia?"

Imai alifikiri. Alitaka kusema ndiyo, kwa ajili yake, kwa sababu naye alikuwa amebeba jambo hili miaka ishirini bila kulalamika. Lakini hakuwahi kumdanganya.

"Hapana," alisema. "Nina hasira kuliko jana."

"Basi kuwa nayo," Atyang alisema. "Ni yako, umeitolea jasho. Shika huku, huyu ananivunja mkono."

Imai alivua shati lake jeupe, akalitundika kwenye mti wa boma, akaingia zizini akamshika ndama shingoni kwa mikono miwili.